Mkia wa Mbayuwayu

Chipu tatu za kompyuta zilirudi kutoka kiwanda cha mikate zikiwa zimefungwa ndani ya pamba, kama meno yaliyong'olewa. Dereva aliyezileta aliziweka mezani kwangu akapangusa mvua usoni.

"Tanuri linawaka tu, halisikii amri, halizimiki," alisema. "Mikate ya jana yote imekuwa makaa."

"Basi uzeni makaa," nikamtania. "Bonde hili limeyakosa tangu mgodi ufungwe."

"Una mdomo wewe, Nerys Prosser." Akaondoka akicheka.

Kazi yangu pale kwenye kiwanda chetu cha chipu ilikuwa kama ya kupasua maiti. Chipu ikifia kwa mteja, huletwa kwangu. Naichuna gamba lake jeusi kwa asidi, naiweka chini ya hadubini, natafuta kilichoiua. Nilikuwa nimeshaona vifo vya kila namna: radi, chumvi, chai iliyomwagika, panya. Kifo hakikunitisha maadamu kilikuwa na sababu.

Chipu zenyewe zilikuwa Gwennol, yaani mbayuwayu kwa lugha ya kwetu, na hapa bondeni Cwm Eithin jina hilo lilitajwa kwa sauti ile ile ya kutaja timu ya raga. Vichakataji vya wengine wote vina saa ndani yake. Saa inapiga, kila sehemu inanyanyua mguu kwa pamoja kama askari wa gwaride, hata isiyo na kazi inanyanyua. Gwennol haikuwa na saa. Kila sehemu ilifanya kazi yake, ikimaliza inamgusa jirani bega: tayari, zamu yako. Jirani anaitikia: nimepokea. Basi. Asiye na kazi analala. Ilikula umeme kidogo kuliko taa ya baiskeli, na ilikimbia. Maprofesa wa London walisema haiwezekani. Tukaiwezesha sisi, watoto wa wachimbaji, ndani ya jengo lililokuwa la kuoshea makaa, na haukupita muda mawaziri wakawa wanakuja kupigwa picha wakiwa wamevaa kofia zetu nyeupe. Ilitoka Gwennol ya kwanza, ikatoka ya pili. Ya tatu ndiyo iliyoweka nyama mezani kwetu. Iliingia kwenye matanuri, kwenye redio za meli, kwenye vifaa vya hospitali.

Na kulikuwa na desturi. Mchoraji wa chipu akishamaliza kuchora njia zake zote za alumini, na kompyuta ya ukaguzi ikishazipitisha, hutafuta pembe tupu akaficha humo picha yake, ndogo kuliko punje ya vumbi. Mmoja alichora kondoo. Mwingine alichora mama mkwe wake akiwa amepanda ufagio. Haikuwa michezo mitupu. Mwizi akiiba mchoro wako ataiba na kondoo wako, na siku ya mahakama kondoo atatoa ushahidi. Lakini kompyuta ya ukaguzi haikuelewa kondoo. Ilijua upana wa njia na nafasi baina ya njia, ikiona manyoya inapiga kelele. Kwa hiyo picha ilitiwa baada ya ukaguzi. Kila mtu alilijua hilo. Ilikuwa kama kuibusu barua kabla ya kuitia posta.

Picha ya Gwennol ya tatu iliwekwa na Gethin Pugh, mchoraji wetu mkuu, mume wa mdogo wangu Delyth. Alichora mbayuwayu mwenyewe, mabawa wazi, mkia mrefu wa panda mbili. Walimkuza akawa mkubwa kama mlango, wakamtundika ukutani mapokezi.

Asubuhi ile niliiweka chipu ya kwanza ya waoka mikate kwenye bamba la moto, nikaipa hesabu izifanye. Ikiwa baridi ilizifanya vizuri. Nikaongeza joto kidogo kidogo, ikaendelea, kisha ikanyamaza. Haikukosea. Ilinyamaza tu. Hayo ndiyo mauti ya kitu kisicho na saa: sehemu moja imemgusa jirani bega, jirani hakuitika, na yule aliyegusa anangoja. Atangoja hadi dunia iishe, wala hatajua kwamba amengoja.

Nikaichuna. Nikaipitia chini ya hadubini mtaa kwa mtaa, hadi nikafika kwenye pembe ya yule ndege. Nilimpita, kama nilivyompita mara nyingi, kisha nikarudi.

Mkia wake ulikuwa umeota unywele.

Alumini ikichorwa nyembamba kupita kiasi, kisha ikakaa joto la muda mrefu, hutoa vinyweleo, kama kiazi kilichosahauliwa kabatini. Ndiyo maana upana una sheria. Gethin alikuwa ameunyoosha mkia uwe mzuri, mwembamba kuliko sheria, na ncha yake ikakaa jirani na njia ile ambayo sehemu moja huitumia kuiambia nyingine nimepokea. Unywele ulikuwa umepasua kioo chembamba kinachoifunika chipu ukaigusa njia hiyo, na joto likipanda jibu halifiki. Chipu ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Nikawaza: zinazokaa baridi hazitadhurika. Redio za meli ni baridi. Zitakazokufa ni zile zinazokaa jirani na moto. Matanuri. Na nini tena?

Nikajua na nini tena.

Mabli, binti wa Delyth na Gethin, alikuwa amezaliwa njiti, mdogo kama kifaranga, ngozi yake unaona ndani. Alikuwa amelazwa hospitali ya chini ya bonde, ndani ya inkyubeta ya kisasa, kisanduku cha plastiki angavu chenye kitanda, na chini ya kitanda kuna hita, na ubavuni mwa hita kuna ubongo unaoiambia washa, zima, washa, zima. Ubongo huo ulikuwa Gwennol ya tatu. Gethin alikuwa akimwambia kila muuguzi.

Nilimkuta meneja, Bwana Tudor Vaughan, akielekeza watu wanaopanga viti ukumbini. Jumatatu walikuwa wanakuja wanunuzi kutoka California. Benki ilikuwa imechoka na sisi, serikali mpya haikututaka, na hao Wamarekani ndio walikuwa pumzi yetu ya mwisho. Nilimvuta kando nikamweleza. Alisikiliza akikaza tai yake, akaikaza tena.

"Mikate inaweza kusubiri hadi Jumanne," alisema.

"Sisemi mikate, bwana. Nasema inkyubeta."

"Hizo zilipimwa."

"Zilipimwa zikiwa mpya. Unywele unataka muda. Zile zimeshapata muda."

"Zina king'ora."

"King'ora kinapigwa na nani? Na Gwennol hiyo hiyo. Ikinyamaza, na king'ora kinanyamaza."

Rangi ikamtoka usoni. Namtendea haki: hakuwa mtu mbaya. Baba yake alifukiwa mgodini, yeye akarudi na shahada kulijenga bonde.

"Nipe hadi jioni," alisema. "Nizungumze na mwanasheria kwanza. Tukisema neno moja baya leo, hakuna Jumatatu. Watu wote hawa, Nerys. Watakula nini?"

"Naomba simu yako niipigie wadi."

Akaweka kiganja juu ya simu. Sidhani alikusudia. Kiganja kilikwenda chenyewe, kama mtu anavyoziba kidonda.

"Mpwa wangu yumo ndani ya moja," nikasema.

"Hadi jioni tu."

Nikachukua koti.

"Nerys, ukitoka mlango huo..."

"Nitakuwa nimetoka, bwana."

Nilipita chumba cha wachoraji. Kiti cha Gethin kilikuwa kitupu. Wakaniambia amekwenda kumwona mtoto. Kulikuwa na kibanda cha simu nje ya lango, na ndani yake mvulana aliyekuwa akibembeleza msichana wake asimwache. Nikagonga kioo. Akanipa mgongo. Sikungoja, nikaingia garini.

Barabara ya bondeni ni nyembamba, na mvua ilikuwa inaanguka kwa ubavu. Kwenye kona ya kanisa kondoo walikuwa wamejaa lami wakitafuna bila haraka. Nikapiga honi, wakanitazama. Nikashuka nikawasukuma matako kwa mikono yangu huku nikiwatukana matusi ambayo mama yangu hakujua ninayajua. Nilikuwa najiambia labda chipu ya Mabli ni nzima. Labda ndege wake hajaota kitu. Nyingi zingekuwa nzima. Kisha najiona tena chini ya hadubini, nachuna ya kwanza, ya pili, ya tatu, na zote tatu vilevile. Hofu yangu ilikuwa na hesabu zake na hesabu zilikuwa mbaya.

Wadi ya njiti ilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kusafishia. Visanduku sita vilipangwa kwa mstari, vyote vya kisasa, vyote aina moja. Delyth alikuwa ameketi kando ya kile cha dirishani, shali ya mama yetu mabegani, paji la uso likigusa plastiki. Gethin alikuwa amesimama nyuma yake anatafuna tofaa.

"Shemeji!" akasema. "Umekuja na keki, au umekuja na meno tu?"

"Njoo nje kidogo, shem."

"Aa, nje kuna mvua. Nitongoze humu humu, mke wangu asikie."

"Gethin. Njoo."

Delyth aligeuka akanitazama. "Dada, kuna nini?"

"Mambo ya kazini, mdogo wangu. Dakika moja."

Kule koridoni nilimweleza, pamoja na jibu la Vaughan kwamba mikate isubiri hadi Jumanne. Nilisema haraka, bila kumwangalia. Alianza kwa kucheka.

"Ndege wangu hajaunganishwa na waya wowote. Amekaa peke yake pembeni, hana hata umeme."

"Hana umeme, ila ana unywele. Unywele umeifikia njia ya kuitikia."

"Nani kakwambia? Wewe unaona vitu, Nerys. Umekaa na asidi mpaka imekupanda kichwani."

"Mkia ni mwembamba kuliko sheria."

"Ukaguzi ulipitisha!"

"Ulipitisha kabla ya ndege."

Tofaa likabaki mkononi. Nilimwona akirudi kichwani mwake hadi kwenye meza yake ya kuchorea, hadi siku ile, akivuta mstari, akiurefusha kidogo, akiona ni mzuri.

"Matanuri ni moto sana," alisema polepole. "Pale chini ya kitanda si moto kiasi hicho."

"Ni moto kiasi gani, shem? Wewe ndiye uliyewapa vipimo."

Tulirudi ndani, yeye mbele.

Delyth alikuwa anatabasamu, tabasamu lile la watu waliolala kwenye kiti. "Mwangalieni," alisema. "Leo amependeza. Ana mashavu mekundu. Jana alikuwa mweupe kama mshumaa."

Nikamtazama mtoto. Mashavu yalikuwa mekundu kweli. Kifua pia kilikuwa chekundu. Alikuwa amelala miguu imeachana, hachezi.

"Na mashine nayo imetulia," Delyth akaendelea. "Ile namba ya joto haijatikisika tangu asubuhi. Kila siku inacheza, inapanda inashuka, nakaa roho juu. Leo imesimama hapo hapo. Nikasema asante Mungu."

Tofaa likamdondoka Gethin.

Namba ya joto ya inkyubeta haisimami. Mlango unafunguliwa, mtu anapita, hita inawaka, inazima. Namba lazima icheze, nukta juu, nukta chini. Gethin alijua. Nilijua. Tuliitazama ile namba nyekundu, nzuri, ya kawaida kabisa, imetulia kama jicho la samaki sokoni.

Gethin aliweka kiganja chake juu ya plastiki, akakiondoa kama aliyeunguzwa, akakirudisha.

"Sista!" aliita. "Sista! Sista!"

Sista Beddoe, mkuu wa wadi, alitokea nyuma ya pazia. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mpiga makasia. "Baba Mabli, hapa hatupigi kelele. Kuna watoto sita wanaojifunza kupumua."

"Izime mashine hii."

"Mashine hii haizimwi na baba."

"Ni moto! Imekwama. Iguse!"

"Namba ni sahihi, naiona kutoka hapa. Ukitaka kuhangaika, nenda kahangaike kantini."

"Namba inadanganya!" Sauti ilimpasuka. "Sista, mimi ndiye niliyeichora. Ubongo ulio humo ndani niliuchora mimi, kwa mkono wangu, na nimeukosea. Imenyamaza, haijui kwamba imenyamaza. Tafadhali. Tafadhali mguse tu mtoto."

Delyth alikuwa amesimama. Shali ilianguka chini, hakuiokota.

Sista Beddoe alimtazama Gethin muda wa pumzi moja. Kisha akafungua dirisha la pembeni la kisanduku, akaingiza mkono, na hewa iliyotoka ikanifikia mimi nilipokuwa: hewa ya jikoni unapofungua tanuri. Akachomoa kipimajoto cha kioo mfukoni, kile cha zamani cha zebaki, akakibana kwapani mwa mtoto. Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo. Alikitoa akakielekeza dirishani, na wala hakuisema namba, ila niliona taya lake likikaza.

"Chomoa waya," alimwambia Gethin, kwa upole sasa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Ukutani. Chomoa."

Akamtoa Mabli. Nje ya kisanduku alionekana mdogo zaidi, kitu chekundu chenye kofia ya sufu, mrija puani. Mguu mmoja ulining'inia.

"Lete kingine," Delyth akasema. "Sista, lete kisanduku kingine, upesi."

"Kuna vingine?" Sista aliniuliza mimi. "Wewe ni wa huko pia. Kuna kimoja humu ambacho si chenu?"

Nilitazama mstari mzima. Vyote vilikuwa vyetu. "Hakuna," nikasema.

"Vile vya zamani?"

"Tulivitoa msaada," alisema muuguzi mmoja kwa sauti ndogo. "Mwaka jana. Vilikuwa vinapiga kelele."

Sista Beddoe alishusha pumzi puani. "Mama, keti. Fungua blauzi."

"Nini?"

"Blauzi. Kwanza apungue joto, halafu ataanza kupoa, na akianza kupoa hatajua kuacha. Kifua chako ndicho kitakachomshika. Kaa."

"Siwezi," Delyth alisema. "Dada, mwambie siwezi. Atakufa mikononi mwangu. Sijawahi hata kumshika. Atafia kwangu, dada."

Nikapiga magoti mbele yake nikaanza kumfungua vifungo. Vidole vyangu ambavyo huchuna chipu bila kuikwaruza vilishindwa na vifungo. Nikavivuta vikakatika. "Utamshika," nilisema. "Mimi nipo. Kaa tu. Uwe kiti." Sikuwa na uhakika wa neno hata moja.

"Bibi yangu aliwalea mapacha wa njiti hapa hapa bondeni," Sista alisema huku anamlaza mtoto baina ya matiti ya Delyth, kichwa upande, sikio kwenye moyo. "Mmoja kifuani kwake, mmoja kwa dada yake. Hakukuwa na mashine. Wote wawili walikua wakawa wanene na wagomvi. Usimbane. Hivyo. Shali."

Daktari kijana alikuja mbio, akasikiliza kifua cha Mabli, akamtazama Sista, akatingisha kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana. Sista alikuwa ameshaanza kuamrisha: kipimajoto cha kioo kwenye kila kisanduku, mtu mmoja kila kisanduku, macho yasibanduke, mama wote waitwe kutoka vyumbani. Nilipewa mtoto wa tatu, mvulana. Nilisimama mkono wangu ukiwa ndani, mgongo wa kiganja ukipima hewa. Namba yake ilikuwa inacheza. Kila ilipochelewa kucheza, moyo wangu ulisimama nayo.

Gethin alikuwa bado ameshika waya aliouchomoa.

"Wewe," Sista akamwambia. "Mashine hizi ziko wapi kwingine?"

"Kila mahali," alisema. "Cardiff. Bristol. Scotland. Ireland."

"Simu ile pale mezani kwangu. Anza."

Akaanza. Nilimsikia kwa mgongo. Mara ya kwanza alishindwa kumaliza, ilibidi apige tena. Baadaye maneno yakapata njia yake: "Naitwa Gethin Pugh. Mimi ndiye mchoraji wa ubongo wa mashine zenu. Wekeni kipimajoto cha kioo ndani, sasa hivi, msikate simu, nendeni mwone." Kisha kimya, anangoja, na sote tunangoja naye. Kisha: "Inacheza? Asante Mungu. Msiiamini hata hivyo." Hospitali moja walikwenda wakarudi, na nikamsikia akisema "mtoeni, mtoeni," kisha akakaa na mkono wa simu sikioni muda mrefu, hadi mtu wa upande wa pili alipomwambia jambo lililomfanya alaze kichwa mezani. Mtoto yule aliishi. Sikujua hivyo kwa siku kadhaa. Nilidhani kinyume chake.

Katikati ya hayo simu ikaita yenyewe. Alikuwa Vaughan. Sauti yake niliisikia kutoka nilipokuwa.

"Gethin, weka simu chini. Fikiria bonde zima, kijana wangu."

"Bonde linaweza kusubiri hadi Jumanne, bwana," Gethin alisema, na akakata, na akapiga nyingine.

Wamarekani walikuja Jumatatu, wakanywa chai, wakaondoka kabla ya chakula. Magazeti yaliyotusifu yalipata kichwa cha habari kingine. Gwennol ya nne, iliyokuwa tayari kwenye karatasi, nzuri kuliko zote, haikutengenezwa. Wakubwa wa kiwanda walijaribu kusema kosa si la wazo, ni la ndege tu. Kwamba kitu kisicho na saa kinaweza kufanya kazi, na kilifanya. Ni kweli, nami nitaisema hadi kufa. Lakini nani atanunua ubongo unaoweza kunyamaza bila kujua? Kiangazi kilipofika walifunga lango, na wachoraji wetu wakatawanyika Cambridge na California kuchora vitu vyenye saa. Nilimwona Vaughan akiufunga mlango kwa ufunguo mwenyewe. Hatukusalimiana.

Hayo yote yalikuwa bado mbele. Jioni ile kilichokuwepo ni chumba chenye joto, na Delyth kwenye kiti, macho yamekauka, anahesabu kitu kwa midomo. Sista alikuwa anapima kila mara. Joto la Mabli lilikuwa limeshuka, likaendelea kushuka, tukaona tunampoteza upande wa pili. Kisha likasimama, kisha likapanda kidogo, na kushuka kidogo. Lilikuwa linacheza.

Gethin alimaliza simu zake akaja. Alisimama mbali, kama mtu asiyejua kama kikao ni cha ndugu tu.

"Ulimchora ndege," Delyth alimwambia bila kuinua macho.

"Ndiyo."

"Nikawaonyesha watu. Nikawapeleka wageni mapokezi wakamwone. Huyu ndege kachorwa na mume wangu."

"Ndiyo, Del."

Nikadhani atamfukuza, na nadhani yeye pia alidhani hivyo, na alikuwa tayari kwenda.

"Vua shati," Delyth akasema.

"Nini?"

"Nimekaa hapa tangu mchana. Nataka kwenda msalani. Vua shati, ukae."

"Hapana. Mpe Nerys. Mikono yangu, Del, angalia mikono yangu." Aliinyoosha. Ilikuwa inatikisika kama ya mlevi.

"Sijaomba mikono. Nimeomba kifua."

"Nitamuua."

"Basi kaa umuogope, kama mimi nilivyokaa."

Alivua shati. Kifua chake kilikuwa cheupe, chembamba, cha mtu wa mezani. Alikaa, na Sista Beddoe akamhamisha Mabli, polepole, mrija na kofia na vyote, kutoka kwa mama hadi kwa baba, akawafunika shali. Delyth alisimama akiwa ameshika ukuta, hakwenda msalani. Alibaki akitazama.

Gethin alikuwa ameganda. Macho yamemtoka, shingo imekaza, mikono ameiinua hewani kama aliyeelekezewa bunduki. Midomo yake ilianza kuwa ya bluu.

"Pumua, baba," Sista Beddoe alisema. "Anakusikiliza. Usipopumua wewe, atajuaje?"

Gethin akavuta pumzi. Tukainama sote kumtazama mtoto, tukangoja.

Akavuta yake.